Uje na Mtu

Watu wa Yoba, mtaa wetu hapa Gitega, siku hizi wanamsifu fundi wa kompyuta niliyekaa naye baraza moja kana kwamba alikuwa malaika. Mpole, wanasema. Mvumilivu. Jamani, mpole nani? Yeye na mashine zake walikuwa upande wa kulia, mimi na cherehani yangu kushoto, tukigawana kivuli kimoja na soketi moja ya umeme, na nawaambia yule mtu alikuwa mkali kuliko pilipili. Mteja akileta mashine iliyojaa vumbi aligombezwa mbele ya watu. Akiileta kichwani aligombezwa zaidi. "We, iko nabeba kompyuta ao iko nabeba mukungu ya ndizi?" Halafu anaipokea kwa mikono miwili, anailaza juu ya kipande cha blanketi nilichomkatia mimi, na hapo sauti yake inashuka, maana hakuwahi kupiga kelele mbele ya mashine iliyofunguliwa.

Mimi nilimwita Jirani tu. Yeye aliniita Mama Neema akiwa na furaha, na Mtanzania akikasirika, kwa sababu nilikulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na Kiswahili changu kilimkera. Alisema kinavaa tai kila siku, hata siku ya kulima. Chake kilikuwa cha mjini Muyinga, cha wafanyabiashara Waislamu wa kule, kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa, na hakijali ngeli ya mtu. Sala tano hakukosa. Akitoka kusali tu, akamkuta mteja amegusa bisibisi zake, anafungua mdomo unashangaa ibada ilikwenda wapi.

Ugonjwa aliouzoea ulikuwa mmoja. Kompyuta ya mezani, ya zamani, inawashwa, feni inazunguka, taa inawaka, halafu kwenye kioo cheusi yanatokea maneno meupe kwamba mashine haioni diski. Na diski ndiyo ghala. Barua, picha za harusi, mitihani ya shule, nyimbo, vyote vimo humo. Mteja anashika kichwa: "Yoo, imekufa!" Jirani anamkata palepale. "Nani alikuambia imekufa? Haionekani. Haionekani ni neno moja, imekufa ni neno ingine."

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako umharakishe. Kwanza waya. Anauchomoa ule waya mpana unaotoka kwenye diski, bapa kama lastiki ya kiunoni, anaupuliza, anaurudisha. Mara nyingi ni hicho tu, mtu kaisukuma mashine kwa goti akifagia. Ikikataa, anabadilisha waya. Kisha plagi ya umeme ya diski. Kisha kile kibetri cha mviringo kama kifungo cha koti, maana mashine ya zamani betri ikiisha inasahau tarehe, na mara nyingine inasahau hata kwamba iliwahi kuwa na diski. Kisha anaitoa diski na kuifunga kwenye mashine nyingine iliyo nzima, ajue mgonjwa ni nani kati ya hao wawili. Mwisho kabisa anaiwasha diski ikiwa kiganjani na kuiweka sikioni, amefumba macho, na hapo baraza zima tulinyamaza. Mimi niliondoa mguu kwenye pedali.

Ikizunguka sawasawa, anaagiza chai. Ikigonga ndani, tak, tak, tak, anaishusha polepole, anamwambia mteja arudi kesho. Halafu anaongeza, bila kumtazama usoni: "Uje na mtu."

Kwetu kifo hakisemwi kwa mtu aliye peke yake. Hata kwenye simu hakisemwi. Unaambiwa mgonjwa amezidiwa, jikaze uje, na kabla simu haijakufikia wameshamtafuta mtu wa kukaa karibu yako. Jirani alilichukua jambo hilo la watu akalifanya la diski. Nilimcheka sana mwanzoni. Nikamwambia, wewe, hicho ni chuma, unakiwekea msiba? Akasema ndani ya kile chuma mtu ameweka harusi yake na watoto wake, akiambiwa peke yake ataanguka hapa barazani, na atakayemwokota ni yeye fundi. Basi mteja alirudi na mke, au na dada, au na rafiki, wakakaa kwenye benchi, na Jirani aliwaambia ukweli kwa sauti ya chini. Wengine walilia. Watu wazima, wenye suti, walilia.

Siku moja nusura aue mtu kwa maneno hayo. Kulikuwa na mkuu wa shule moja ya vijijini, mashine yake imepona kabisa, ila kioo kilikuwa kile cha kizamani kilichofura mgongo, kizito kama jiwe la kusagia. Jirani akampigia simu: "Bon, kesho uje na mtu." Asubuhi tunaona msafara. Mkuu wa shule, mkewe amejifunga khanga kichwani, walimu wawili na mchungaji ameshika Biblia. Macho mekundu wote, usiku hawakulala. Jirani akawatazama, akatazama kioo, akanitazama mimi. "Mbona muko wengi hivi? Kioo iko moja tu!" Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka nikajichoma sindano. Tangu siku hiyo kitu kikiwa kizito alisema "uje na mtu wa kubeba," na lile neno lingine akaliacha kwa diski zilizokufa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwekewa mtu hivyo, kwenye baraza lilelile. Nilimwona anapokea simu, akanitazama, akageukia ukuta. Kisha akaiacha mashine wazi, bisibisi imesimama juu ya skrubu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akabeba kiti chake akakileta mpaka kwenye cherehani yangu, akakaa. Nikamwuliza amepungukiwa nini leo. Akasema, "Shona tu, Mama Neema." Nikashona. Simu yangu ikalia, shangazi, anasema kaka yako ameanguka na pikipiki njia ya Giteranyi, hali si nzuri, uje. Nikamtazama mtu aliyekaa karibu yangu nikajua kila kitu. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa safarini, basi ukoo ulimchagua Jirani awe mtu wangu. Nilimpiga ngumi begani, nikampiga tena, naye akakaa akapigwa mpaka nikachoka.

Kaka yangu alikuwa na kibanda mjini Muyinga, watu wanakuja kuchapa barua na kutoa nakala, na Jumapili aliongoza kwaya, Mama akija mjini kumpikia. Nyimbo alizirekodi mwenyewe kwenye kompyuta ya kibandani, na simu yake ilipotelea barabarani siku ile. Picha zake tulikuwa nazo. Sauti ilikuwa humo ndani ya mashine tu. Baada ya msiba umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kama kawaida yake, na binamu yangu alipoiwasha ikaandika hayo maneno meupe. Haioni diski. Mama alipoambiwa, kule shambani Giteranyi, hakuuliza habari ya kibanda wala ya vitu. Alisema: "Mpelekeeni fundi wa Gitega. Nataka nimsikie mwanangu."

Jirani alifanya yote niliyoyasema. Waya, plagi, kibetri, mashine nyingine. Akaiweka sikioni. Nikasubiri tak, tak. Akafumbua macho akasema, "Kimya. Haizunguke hata kidogo." Akaigeuza, akanusa ile bodi ndogo ya kijani iliyo chini ya tumbo la diski, akanipa na mimi ninuse. Ilinuka kuungua. Akanieleza kwamba mwenye kuungua ni bodi, ndani diski inaweza kuwa salama, lakini bodi haichukuliwi popote. Lazima itoke kwa ndugu yake kabisa, baba mmoja mama mmoja, kiwanda kimoja, namba moja, kisha kuna kidude kidogo kama punje ya mtama cha kuhamisha kutoka bodi ya zamani kwenda mpya bila kukiunguza. Akaanza kumtafuta huyo ndugu. Alichimbua stoo za maofisi Gitega nzima. Kila mashine mbovu iliyokuja aliigeuza tumbo kwanza, asome namba, kabla hata ya kumsalimia mwenyewe.

Miaka ikapita hivyo. Mama akipiga simu haanzi na watoto, anaanza na, "Jirani yako amesemaje?" Mara moja alikuja mwenyewe, na goti lake bovu, akakaa kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani. Jirani akasimama, akavua kofia, akamwekea diski kiganjani. Mama akaifunika kwa mkono wa pili.

"Mwanangu, mwenzako yumo humu?"

"Iko ndani, Mama. Mi sijapata njia tu."

"Basi mimi nasubiri. Kusubiri najua, nimekaa kambini."

Nilichukia. Nasema wazi, nilichukia, kwa sababu nilimwona Mama akirudi Giteranyi na uso wa mtu aliyeahidiwa. Nikamwambia Jirani, mwambie basi aje na mtu, alie, amalize, watu wote wanalia wanamaliza! Alinitazama kama nimemtukana mamaye. "Mtanzania, mi siwezi kutangaza kifo ya kitu iko mzima. Hata kwa ajili yako."

Mama alikufa msimu wa maharage, kifua, haikuchukua muda. Hakumsikia. Kwenye mazishi Jirani alikuja mpaka Giteranyi, kipande cha mwisho kwa baiskeli ya kupakiwa, akakaa nyuma kabisa na wazee, na hata pale akamchekesha mjomba wangu. Niliporudi kazini nilimsalimia asubuhi na kumuaga jioni, basi. Baraza lilikuwa na kelele za cherehani tu. Naye hakuomba radhi. Aliendelea kugeuza matumbo ya mashine na kusoma namba.

Lakini suruali aliendelea kuniletea. Huyu bwana hakumwaminia fundi mwingine suruali yake, hata tukiwa tumenuniana. "Punguza kiuno kidogo." Nikapunguza. Baada ya muda, punguza tena. Nikamwuliza kunani, akasema amefunga. Nikamwambia, Ramadhani imepita zamani, unafunga nini? Akasema funga za sunna. Mtu huyu, asiyeweza kumdanganya mama mzee hata kwa huruma, alinidanganya mimi kavukavu nimeshika kiuno cha suruali yake mkononi. Alikuwa anakohoa, chai anaacha nusu, na saa ya mchana anajilaza kwenye blanketi la mashine. Nikasahau kununa. Nikamwambia aende hospitali. Baba Neema akamwambia. Wateja wakamwambia. Sikio la kufa halisikii dawa. Yule aliyesikiliza kila diski ya Gitega kifua chake mwenyewe alikizibia masikio, na ukimsukuma sana anakwambia uone kwanza kama waya haujalegea.

Asubuhi moja nikakuta meza yake tupu. Dada yake mkubwa alikuja kumchukua, wakarudi Muyinga, na mwenye nyumba aliniambia hakubeba kitu zaidi ya bisibisi zake, blanketi, na mashine ya kaka yangu. Nilikasirika tena, maana hakuniaga. Nikalia pia. Mahali pake akaja mwuza vocha, mtu mpole kwelikweli, na sikumpenda.

Miezi ikapita. Halafu simu ikaja, sauti ya mwanamke, dada yake. Akanisalimia, akaniulizia watoto, kisha akasema: "Fundi anasema uje Muyinga. Uje na mtu."

"Mtu wa kubeba?"

"Hapana, hakusema wa kubeba. Alisema uje na mtu."

Nikakaa kitako. Basi imekwisha, nikajisemea. Diski imekufa. Miaka yote ile, Mama kazikwa na kusubiri kwake, na leo ndio ananitangazia. Baba Neema akasema twende. Esansi ilikuwa shida wakati huo, magari yamelala foleni kwenye vituo vya mafuta, tukangoja siku nzima kupata gari la kupitia Karuzi. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Yalikuwa makali.

Tulimkuta uani kwa dada yake, nyuma ya soko, ameegemezwa kwa mito ukutani. Yale maneno yangu yote yakapotea. Suruali niliyomshonea ilining'inia kwenye msumari, imefungwa kamba kiunoni, kwa sababu hata mkono wangu usingeweza tena kukifuata kiuno chake. Kofia ndiyo ilikuwa ileile, ila imeshuka mpaka masikioni.

"Mtanzania," akasema. "Umekuja na tai?"

"Nimekuja nayo. Na mume pia, kama ulivyoagiza."

Alimsalimia Baba Neema kwa heshima, akauliza hali ya barabara, akataka tuletewe viti na chai. Kisha akaonyesha kwa kidevu. Juu ya meza ndogo kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi langu. Dada yake akalifunua. Ilikuwa mashine ya kaka yangu, imefutwa vumbi mpaka kwenye matundu.

"Washa."

Nikabonyeza. Feni ikaanza, kioo kikawa cheusi. Nikasubiri maneno meupe, nayo yakaja, lakini yalikuwa marefu, na katikati yake kulikuwa na namba.

"Soma," akasema. Nikaisoma kwa sauti, herufi na tarakimu. Aliijua kwa moyo, midomo yake ilikuwa inasoma pamoja nami. Diski ilikuwa inaonekana.

Akanieleza kwa vipande, akipumzika katikati. Kaka yangu hakununua mashine ile peke yake. Walinunua wawili siku moja, mzigo mmoja, yeye na mwenzake wa kibanda cha pili, na ya mwenzake ilikuwa imelala stoo palepale Muyinga, imefunikwa gunia la mahindi. "Mi natafuta Gitega miaka yote, ndugu yake iko huku kwetu, mitaa mbili toka kwa mama yangu." Dada yake akasema kile kidude cha punje ya mtama alikihamisha akiwa amekaa hivyohivyo mitoni, siku moja anayeyusha mguu mmoja wa kile kidude, siku nyingine analala tu, yeye dada akimshikia taa na kumfuta jasho.

Akaninyooshea kipanya nibonyeze mwenyewe. Kwanza kulikuwa na mvumo, kama mtu anasogeza kiti. Halafu kaka yangu akakohoa, akaanza kuimba wimbo wa kwaya peke yake, sehemu ya kuongoza, sauti ileile inayopanda kidogo kabla ya kutua. Nilishika meza. Alipofika ubeti wa pili mlango ukafunguliwa mle ndani ya wimbo, na nikamsikia Mama.

"Wewe, chakula kinapoa."

"Mama, subiri, narekodi!"

"Kurekodi ndiko kushiba? Njoo ule, utaimba baadaye."

Kaka yangu akacheka, na sauti ikakatika hapo. Nilicheka na mimi, kweli nilicheka, uso wote umelowa. Hakuna aliyejua kwamba Mama yumo. Alikufa akisubiri kumsikia mwanawe, kumbe na yeye alikuwa humo humo pamoja naye, anamgombeza. Nikairudia. Nikairudia tena. Jirani alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande kama zamani anaposikiliza mzunguko.

Nilipotulia nikajifuta kwa ncha ya kitenge. Chai ilikuwa imepoa. Baba Neema alikuwa amekaa kule karibu na mlango, anatazama chini.

"Jirani," nikasema, "diski ni nzima. Sasa mtu alikuwa wa nini?"

Aliinua mkono akaisogeza kofia yake, ikashuka tena.

"Diski iko mzima, Mama Neema," akasema. "Mi sikusema diski."

Baba Neema alielewa kabla yangu. Aliinuka, akabeba kiti chake, akakileta mpaka kwenye changu, akakaa.